Wateja wanabonyeza moyo, hawanunui: tatizo liko wapi?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nina duka la mtandaoni la vyombo vya jikoni hapa Dar es Salaam: sufuria, hotpoti, blenda, mabirika ya umeme, seti za vikombe. Nilijengewa kwa WordPress na WooCommerce, yaani programu za kujengea tovuti na duka la mtandaoni, matangazo nafanyia Instagram. Miezi mitatu iliyopita fundi aliniwekea kitufe cha moyo kilichoandikwa "Hifadhi kwa baadaye". Mwezi uliopita vitu zaidi ya mia nne vilihifadhiwa, lakini oda zilizolipiwa kutokana na hivyo hazikufika ishirini. Fundi anataka kila aliyehifadhi nimtumie punguzo la asilimia 10. Mume wangu anasema nikiondoe, mtu anunue au aache. Nimsikilize nani?
Mama Vyombo, Tabata

JIBU: Dada, mwezi huu usimsikilize yeyote kati yao. Shemeji anisamehe.

Kwanza hesabu yenyewe. Umelinganisha vitu na oda. Mtu mmoja anaweza kuweka moyo kwenye mabirika sita akiwa anatafuta moja, kisha akaagiza hilo moja pamoja na vikombe. Kwenye ripoti yako ni mioyo sita na oda moja, wakati dukani huyo ni mteja aliyemaliza shida yake. Mwombe fundi akuhesabie watu, si vitu, ndipo tujue ukubwa wa tatizo.

Pili, hicho kitufe wewe unakijua tangu zamani kwa jina lingine. Mtu anasimama dukani Kariakoo, anageuza hotpoti, anagonga kifuniko, anauliza bei, halafu anasema: "Niwekee, nitapita." Muuzaji mzoefu hakasiriki, wala haandiki kwenye daftari la mauzo. Anamsoma usoni. Akimwona ni wa kweli anamwomba kishika uchumba, hata elfu tano. Akimwona mpita njia, hotpoti inarudi kwenye shelfu kabla mwenyewe hajafika mlangoni. Kitufe chako kinapokea "niwekee" zote na hakioni uso wa mtu hata mmoja.

Hili si la Tabata peke yake. Taasisi ya Baymard ya Denmark, ambayo hukusanya tafiti za maduka ya mtandaoni, inapata wastani wa takriban asilimia 70 ya vikapu vinavyoachwa bila kulipiwa. Hivyo ni vikapu, vitu ambavyo mtu alishaonyesha nia ya kulipia. Moyo uko nyuma zaidi ya hapo. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Angeline Close na Monika Kukar-Kinney, walionyesha kwamba hata kikapu chenyewe watu hawakitumii kununulia tu: wengine hupangia vitu wanavyovitamani, wengine husubiri bei ishuke, wengine wanajiburudisha. Sisi wenye maduka ndio tunaodhani kila kubonyeza ni ahadi.

Sasa niende kwenye lile ninaloamini linakula mauzo yako. Mwaka jana nilimwomba jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, anunue birika la umeme kwenye duka la mtandaoni ninalolihudumia, mimi nikae pembeni nitazame tu. Simu yake imepasuka kioo kwenye kona, na data anaiwasha akiihitaji, akimaliza anaizima. Alipata birika la 45,000, akasoma maelezo, akaweka kwenye kikapu, akaenda hadi ukurasa wa kulipia. Hapo palikuwa na mstari mmoja: "Gharama za usafiri zitahesabiwa baadaye." Kidole kikasimama hewani. Akarudi nyuma, akalitoa birika kwenye kikapu, akabonyeza moyo. "Ngoja niiweke kwanza."

Nikamuuliza kulikoni. "Huku Mbagala wanaweza kuniambia elfu kumi na tano."

Hakuna aliyemtajia elfu kumi na tano. Aliitunga mwenyewe, kwa sababu pale penye bei hapakuwa na bei, na mtu akiachiwa kukisia nauli ya boda hakisii ndogo. Kwa upande wa duka, ule moyo ulihesabiwa kama dalili ya kupenda bidhaa. Ripoti za Baymard nazo zinasema hivyo hivyo: ukiwatoa waliokuwa wanaangalia tu, sababu inayoongoza ya kuacha kikapu ni gharama za ziada, usafiri ukiwemo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandika nauli chini ya bei, kwenye ukurasa wa kila bidhaa, kabla mtu hajaulizwa jina wala namba ya simu. WooCommerce ina sehemu ya kanda za usafirishaji, lakini ndani ya mji mmoja inategemea misimbo ya posta. Tunayo Tanzania, ila nani anaijua ya kwake? Andika jedwali la kawaida: Tabata na Segerea kiasi hiki, Kinondoni kiasi hiki, Mbagala kiasi hiki, mikoani kwa basi kiasi hiki. Bora nauli ya juu kidogo inayoonekana kuliko ya chini iliyofichwa. Kama unakubali mtu alipe mzigo ukifika, andika hapo hapo, maana wapo wanaohifadhi kwa sababu wanaogopa kuliwa hela na duka wasilolijua.

Kuna kundi la pili ambalo halina tatizo lolote ila kalenda. Anasubiri mshahara, au zamu yake ya kupokea mchezo. Hawa utawagundua kwa Excel tu: safu moja tarehe ya kuhifadhi, safu ya pili tarehe ya kununua, kisha toa ya kwanza kwenye ya pili upate siku zilizopita. Ukiona wengi wamehifadhi katikati ya mwezi na kununua siku za mwisho, kitufe kinafanya kazi yake barabara na wewe ulipima mapema. Kwenye Google Analytics, chombo kinachohesabu wanachofanya watu dukani kwako, fundi ahakikishe matukio ya add_to_wishlist (kuhifadhi) na purchase (kununua) yote yanarekodiwa, asiishie kwenye la kwanza.

Ila nina wasiwasi kwamba baadhi ya orodha hizo zinapotea kabla mshahara haujaingia. Wateja wako wanatoka Instagram. Mtu akibonyeza kiungo kwenye bayo yako, kwa kawaida duka linafunguka ndani ya Instagram yenyewe, kwenye kivinjari kidogo chenye kumbukumbu yake. Kama hajajisajili, orodha yake inashikiliwa na kuki, kijifaili cha kumbukumbu kinachokaa kwenye kivinjari, iliyomo humo humo. Usiku akifungua Chrome na kuandika jina la duka, anakuta moyo mtupu, na pengine anaanza kuhifadhi upya. Hapo mtu mmoja amekuwa wawili kwenye ripoti yako. Kikapu nacho, kwa mpangilio wa kawaida wa WooCommerce, cha mgeni asiyejisajili hudumu saa 48. Na kama kitufe chako kinaandika kuki kwa JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa na kivinjari chenyewe, Safari ya iPhone huipa siku 7 tu. Aliyehifadhi blenda tarehe 15 na kurudi tarehe 28 hakuti kitu. Jaribu kwa simu yako mwenyewe leo: hifadhi vitu vitatu ukipitia Instagram, kisha fungua duka kwa Chrome.

Dawa ya kawaida ni kumlazimisha mtu ajisajili, nami siipendi. Kukumbuka nywila ya duka la sufuria ni kazi. Afadhali chini ya orodha uweke kitufe cha "Itume WhatsApp", kinachofungua kiungo cha wa.me chenye majina ya vitu, bei na anwani ya ukurasa tayari vimeandikwa. Hapo orodha inahamia sehemu ambayo mtu haipotezi. Anaweza kuituma kwako, kwa mume wake, kwa dada yake anayemwandalia kitchen party. Ikija kwako umepata namba na jina, yaani ule uso tuliokuwa tunaukosa. Kabla hujaanza kuwatumia ujumbe wa matangazo waombe ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na namba ya simu ni taarifa binafsi.

Kuhusu punguzo la fundi: ukimpa asilimia 10 kila anayebonyeza moyo, mwezi wa pili hakuna atakayenunua bila kubonyeza moyo kwanza. Wateja wa Dar hawafundishwi mara mbili. Punguzo liweke kwa bidhaa zilizokaa stoo, na umtumie aliyehifadhi bidhaa hiyo hiyo, basi. Wala usiwatishe kwa "zimebaki mbili" wakati stoo una katoni nzima, maana siku wakigundua hata bei zako hawataziamini.

Na kuhusu shemeji: ukiondoa kitufe watu hawataacha kuhifadhi. Watapiga skrinshoti, na skrinshoti huioni kwenye ripoti yoyote.

Ningeongeza jambo moja. Kwa vyombo vya bei kubwa, weka chaguo la kishika uchumba: mteja analipa sehemu kwa Lipa Namba, wewe unamwekea kitu hadi tarehe mnayokubaliana. Anza na bidhaa tano tu. Ila andika wazi, pale pale kwenye kitufe, siku ikipita hajaja ile pesa inarudishwa yote, nusu, au hairudishwi, kwa sababu ugomvi wote niliowahi kuitwa kuusuluhisha ulianzia hapo.