Barua kwa binti yangu aliyefika Okinawa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na picha za ule ukuta wa majina ya waliokufa vitani nimeziona, ingawa ilibidi mdogo wako anikuzie herufi kwenye simu. Umeniuliza kama kweli Wamarekani walikuwa na ulazima wa kukipigania kisiwa hicho cha Japani, katika Vita Kuu ya Pili, kwa gharama ile, ilhali Japani ilikuwa imeshaelemewa. Swali zuri, na kwa miaka niliyofundisha historia sikosi majibu mawili matatu. Ila tangu nizione picha, macho yangu yamenasa kwenye majina, na ndiyo nitakayokuandikia. Utanivumilia, umenizoea.

Vita yenyewe sasa unaijua kunizidi. Tarehe 1 Aprili 1945 Wamarekani walishuka pwani karibu bila kupigwa risasi, wakadhani mambo ni mepesi. Kumbe Jenerali Ushijima, kamanda wa Wajapani, hakutaka kupambana nao ufukweni. Alijichimbia upande wa kusini, kwenye mahandaki na mapango, makao yake yakiwa chini ya ngome ya Shuri, akawangoja huko. Kushinda hakutarajia, alitaka kuwachelewesha, kila kilima wakilipie damu, ili visiwa vikubwa vya Japani vipate muda wa kujiandaa. Mwezi Mei mvua ikaja, njia zikawa tope, wazima wakalala humo humo walimolala maiti. Baharini marubani wa Kijapani walikuwa wakijibamiza na ndege zao kwenye meli. Mpaka Juni inakwisha, Wamarekani zaidi ya 12,000 walikuwa wamekufa, pamoja na kamanda wao, Jenerali Buckner. Askari wa upande wa Japani walipotea kama laki moja. Na wenyeji, ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka vita kwao, wenyewe husema aliondoka mtu mmoja katika kila wanne.

Wenyeji hao walikufa hivyo kwa sababu mwishoni mwa Mei Ushijima aliihama Shuri, akalirudisha jeshi kusini zaidi, kule kule walikokimbilia raia. Jeshi na akina mama na watoto wakagombea mapango yale yale. Umeniambia uliingia makumbusho ya wale mabinti wa Himeyuri, ukatoka huwezi kusema. Wanafunzi 222 na walimu 18, wametolewa madarasani wakahudumie majeruhi mapangoni: kubeba maji, kumwaga vyoo, kumshika mtu anayekatwa mguu. Halafu tarehe 18 Juni, mizinga ikilia nje, wanaambiwa kazi imekwisha, kila mtu ajitafutie njia. Wengi wao walikufa baada ya amri hiyo. Mimi nimekuwa mwalimu wa wasichana. Nikifika hapo huwa nafunga kitabu.

Nimewaambieni tangu mkiwa wadogo, mkawa mnaniigiza sauti mezani: kila maiti ana mwenyewe. Chekeni, lakini sijapata la kuongeza wala la kupunguza.

Unajua habari za bibi yangu wa Bagamoyo na kaka yake, Saidi, aliyechukuliwa kubebea jeshi mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Waingereza kuingia. Hilo sina haja ya kulirudia. Ambalo sidhani nimewahi kukusimulia sawasawa ni siku aliyonichukua kwenda Dar es Salaam, miaka michache baada ya Uhuru. Mtu alimwambia kwamba pale kwenye Sanamu ya Askari wameandikwa waliokufa vita ile. Tulishuka basi, hatukunywa hata maji, tukaenda moja kwa moja. Bibi alikuwa amehitimu chuo cha Kurani, kwa hiyo upande wenye herufi za Kiarabu aliusoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, midomo ikitikisika. Alipomaliza akanigeukia: "Labda majina wameyaweka kwa herufi zenu za shule. Haya, soma."

Nikasoma. Ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni panasema kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Bibi akaniambia nizunguke kule nyuma. Nikazunguka. Nikarudi nikamwambia hakuna jina hata moja.

Akauliza: "Wanao?" Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Akasema: "Saidi hakuoa."

Basi. Akajitanda kanga vizuri, tukaenda kununua vitambaa vilivyotupeleka mjini, maana nyumbani tuliaga kwamba tunafuata vitambaa. Watu walikuwa wanapita wakitutazama, na mimi nilikuwa mtoto, niliona haya kwamba tumesimama pale muda mrefu. Haya hiyo imeshaondoka. Hasira imebaki, tena inakua. Mwaka 2021 ile tume inayotunza makaburi ya vita ya Waingereza na wenzao ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi. Nilisoma habari ile nikamtafuta mtu wa kumwambia, bibi ameshatangulia.

Sasa tazama wenzetu wa Okinawa. Ukuta wao umezinduliwa tarehe 23 Juni 1995, chini ya gavana Masahide Ota, ambaye mwenyewe alipigishwa vita ile akiwa mwanafunzi. Majina zaidi ya 240,000, ya wenyeji, Wajapani, Wamarekani, Waingereza, Wakorea, Wataiwani, na kila mwaka wanaongeza yanayopatikana. Wale vichanga waliokufa kabla jina lao halijajulikana, au waliokufa pamoja na kila aliyelijua, wameandikwa kwa jina la mzazi: mtoto wa fulani. Hapo nilimrudishia mdogo wako simu, nikatoka nje.

Lakini ngoja. Na Ushijima naye yumo, mwanangu. Ukuta ule ule, kama mtu yeyote. Nimekaa na hilo siku kadhaa. Kama kila maiti ana mwenyewe, basi na yeye anaye, na kumfuta yeye ni kuanza kuchagua, na wa kuchaguliwa siku zote tunawajua ni nani. Halafu nawakumbuka wale mabinti, naona si haki kuwaweka pamoja na aliyewaletea jeshi mlangoni. Zipo familia za Kikorea zilizokataa kabisa ndugu zao waandikwe pale, na siwezi kuzilaumu: mtu wenu achukuliwe kwa nguvu, halafu mkaribishwe mumpange na waliomchukua? Ningekuwa mimi ningekataa. Hapana, ningekubali. Saidi ningemwandikisha popote pale, hata kando ya ofisa aliyemfunga kamba.

Ehe, swali lako. Wamarekani walikitaka kisiwa kwa ajili ya viwanja vya ndege na bandari, waivamie Japani yenyewe kuanzia Novemba. Agosti yakaja mabomu mawili ya atomiki, uvamizi ukafa. Kwa hiyo ukiwa na kalenda mkononi ni rahisi kusema damu ile ilimwagika bure, ila Aprili hakuna aliyekuwa na kalenda ya Agosti. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawafundisha, na kwenye mtihani ungepata alama zote.

Ninavyoamini mwenyewe ni jambo lingine, na kwa maandishi siliweki, maana sikuwapo na waliokuwapo wamo ukutani. Usinibane kwa simu Jumapili. Unajua kwa simu nitasema.

Mama yako anauliza kama kile kikohozi kimekwisha.

Baba yako