Reale za mzinga: kwa nini za mwaka mmoja zina bei tofauti, na uanzie wapi kukusanya

Mleta mada, salaam. Umeuliza mawili kwa mpigo. Babu yako amekuachia reale ya mzinga, yaani sarafu ya fedha ya Hispania ya reale 8, ya 1754 ya kiwanda cha Mexico, na umeona nyingine ya mwaka huohuo na kiwanda hichohicho ikinunuliwa mnadani kwa bei ya juu kuliko unayotajiwa wewe, kwa nini? Halafu ukauliza mtu wa mshahara wa kawaida akitaka kukusanya zile adimu aanzie wapi. Wachangiaji wa juu wamekujibu "inategemea hali ya sarafu". Ni kweli, ila kwa mwaka 1754 jibu hilo limeruka jambo kubwa zaidi.

Geuza upande wenye nguzo mbili, hizo ambazo wazee wetu wa pwani waliziona ni mizinga. Katikati kuna duara mbili za dunia zilizopandana, juu yake taji, chini yake mawimbi ya bahari. Kila nguzo nayo ina kitaji chake kichwani, na hivyo vitaji viwili ndivyo vya kutazama. Mexico ilipoanza kupiga sarafu hizi kwa mashine mwaka 1732, nguzo zote mbili zilivikwa taji la kifalme. Mwaka 1754 ya kushoto ikabadilishiwa, ikapewa taji la kaisari, refu kidogo na lenye mpasuko katikati kama kofia ya askofu. Ya kulia ikabaki vilevile. Kwa hiyo 1754 ni mwaka wa mpito: zipo zenye mataji mawili ya kifalme na zipo zenye moja la kaisari na moja la kifalme. Mwaka huohuo na wapima fedha walibadilika, yaani wale maofisa waliothibitisha usafi wa madini na kuweka herufi za majina yao. Upande wa pili wa sarafu, kushoto mwa ngao, MF ya miaka mingi ikawa MM. Anayekusanya kwa mwaka tu atatosheka na moja. Anayekusanya kwa aina anataka zaidi ya moja, na wawili wa namna hiyo wakikutana mnadani ndipo bei inapopaa.

Mimi nipo Muscat, na mapenzi haya niliyapata Mutrah kwenye maduka ya fedha kuukuu. Huko utakutana zaidi na reale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria, ambazo hata zilizopigwa karne ya ishirini zimeandikwa 1780. Za Hispania ni chache, na nyingi zimetobolewa au zina kovu la kitanzi cha mkufu. Nikahamia kwenye minada ya Ulaya ya mtandaoni, na baada ya muda nikajiwekea kanuni moja ambayo ndiyo ushauri wangu mkubwa kwako: tafuta aina ambazo tofauti yake ina sababu. Kuwe na kitu kilitokea, mfalme kafa, amri imetoka, mpimaji kabadilishwa, kiwanda kimehama. Tofauti ya nukta iliyosogea au ua lililochongwa likapinda achana nayo kwanza. Inaweza kuwa adimu kweli, pengine zimebaki chache sana duniani, lakini kama hakuna mwingine anayeitafuta utaiuza kwa bei ya sarafu ya kawaida. Uadimu bila mtu wa kuitaka haulipi.

Chukua vifo vya wafalme. Felipe V, mfalme wa Hispania, alifariki Julai 1746. Habari ilipaswa kuvuka Atlantiki kwa meli, kisha mihuri mipya ya kupigia sarafu ichongwe. Matokeo yake mwaka 1747 Mexico ilipiga reale 8 zenye jina PHILIP V, mfalme aliyekwisha kuzikwa, na nyingine zenye FERDND VI. Ferdinand naye akafa Agosti 1759, na 1760 ikatoa tena za majina mawili, FERDND VI na CAROLUS III. Kuna mihuri ambayo mafundi hawakuona haja ya kuitupa: walichonga CAROLUS III juu ya jina la marehemu, na ukiweka lenzi unaona mabaki ya herufi za Ferdinand zikichungulia chini. Mimi aina hiyo naipenda kuliko zote. Unaishika mkononi unajua kabisa fundi alikuwa anabana matumizi.

Baada ya kifo cha Carlos III, Desemba 1788, mambo yalikuwa ya kuchekesha zaidi. Wakati huo sarafu zilikwishaacha nguzo na zina kichwa cha mfalme. Mexico haikuwa na sura ya mfalme mpya, basi wakapiga jina la mwana kwenye uso wa baba: 1789 na 1790 zina CAROLUS IV na sura ya Carlos III. Na hata namba yake haikutulia, kwa sababu 1790 zipo pia zilizoandikwa CAROLUS IIII. Sura yake halisi ilikuja 1791. Hizi za mpito si ghali kupita kiasi na kuzitambua hakuhitaji lenzi, kusoma tu. Kwa mtu wa mshahara wa kawaida ningesema anza hapa. Za nguzo zisubiri.

Kisha kuna 1772, ambayo ina siri ndani yake. Sarafu za nguzo zilikuwa na fedha asilimia 91.67 kwa sheria ya 1728. Carlos III alipoamuru muundo mpya wa kichwa, aliamuru pia kwa siri fedha ipunguzwe hadi asilimia 90.3 hivi, na mwaka 1786 akapunguza tena hadi karibu 89.6. Wananchi hawakuambiwa. Sasa angalia upande wa ngao wa sarafu za kichwa za Mexico za 1772: alama ya kiwanda, ile M yenye o ndogo juu, na herufi FM za wapimaji zimesimama kichwa chini ukilinganisha na maandishi mengine ya duara. Wakusanyaji wengi wanaihusisha na fedha iliyopunguzwa, kwamba ilikuwa alama ya ndani kwa wanaojua. Mwaka 1773 zipo za kichwa chini na zipo zilizosimama sawa, na baada ya hapo zote ni sawa. Wauzaji wengi wasio wataalamu hawaangalii herufi hizo. Ni kati ya mahali pachache ambapo jicho lako linaweza kukulipa bila kugombana na mtu mnadani.

Mwaka uliopigwa juu ya mwaka mwingine nao una wapenzi wake. Muhuri wa mwaka jana haujachakaa, fundi anachonga tarakimu mpya juu ya ya zamani. Kwa Mexico ipo 1734 juu ya 1733 na nyingine nyingi. Tahadhari yangu hapa ni kwamba mkwaruzo si tarakimu. Picha ya muuzaji yenye mwanga wa upande mmoja inaweza kutengeneza "3" pasipo na 3. Omba picha mbili zenye mwanga kutoka pande tofauti. Tarakimu ya kweli haihami. Na usilipie zaidi kwa sababu kibandiko kimeandikwa hivyo. Wako wanaoandika "mwaka juu ya mwaka" kwa kila 7 yenye uvimbe.

Sarafu za viwanda vya Lima na Guatemala nitazipitia haraka kwa kuwa ni ghali. Lima zina mchezo wa nukta juu ya alama mbili za kiwanda: nyingine zina nukta juu ya alama moja, nyingine zote mbili, nyingine hazina. Guatemala ilipiga za nguzo kuanzia 1754, kisha tetemeko la 1773 likauvunja mji, kiwanda kikahamia mji mpya na alama ya G ikawa NG. Sababu hiyo! Santiago ya Chile za nguzo sahau, mimi mwenyewe naziangalia kwenye picha tu.

Potosí, kiwanda kilichokuwa katika Bolivia ya leo, siwezi kuipita bila kusema neno, ingawa si mahali pa kuanzia. Katikati ya karne ya 17 iligundulika kwamba sarafu za pale zina fedha pungufu kuliko inavyotakiwa. Wakaguzi wakatumwa, mfanyabiashara wa fedha Francisco Gómez de la Rocha akanyongwa mwaka 1650, na mpimaji Felipe Ramírez hakusalimika. Sarafu zilizotiliwa shaka zikashushwa thamani, nyingine zikagongwa vimuhuri vya taji kuonyesha zitapokelewa kwa reale saba na nusu badala ya nane. Mwaka 1652 muundo wenyewe ukabadilishwa, na katika mwaka huo mmoja zilitoka aina za mpito kadhaa. Watu wamejenga mkusanyo wa maisha yote kwa 1652 peke yake. Tatizo ni kwamba hizi ni makukina, vipande vilivyokatwa kwa patasi na kugongwa kwa nyundo, na mara nyingi mwaka haukuingia hata kwenye kipande. Ukikosea kusoma nusu ya tarakimu umenunua kitu kingine kabisa.

Jambo ambalo vitabu vya bei vya zamani vitakudanganya ni meli zilizozama. Uadimu wa sarafu hizi si kitu cha kudumu. El Cazador iliondoka Veracruz mwaka 1784 ikielekea New Orleans na peso (yaani sarafu za reale 8) zipatazo 450,000, ikapotea. Mwaka 1993 wavuvi wakainasa kwenye wavu katika Ghuba ya Mexico (chombo chao kiliitwa Mistake, sikutungi). Ghafla sarafu za Mexico za 1783 zikawa tele sokoni, nyingi zikiwa zimeliwa na chumvi. Za Potosí zenye vimuhuri vya taji nazo ziliongezeka baada ya kuibuliwa mabaki ya meli ya Capitana, iliyozama pwani ya Ecuador mwaka 1654. Kwa hiyo kabla ya kulipia uadimu, tafuta kama mwaka huo una meli yake. Na sarafu ya baharini ukiipima itakuwa nyepesi, hilo halimaanishi ni bandia.

Nimefika kwenye bandia, na hapa usiwe na haya ya kumsumbua muuzaji. Reale 8 halali ilipaswa kuwa na gramu 27.07, iliyotembea mikononi utaikuta kati ya 26.5 na 27. Mizani ya sonara inatosha. Lakini bandia nzuri zinapita mizani, kwa hiyo mimi naanza na ukingo. Za nguzo zina mfululizo wa majani ukingoni. Za kichwa zina duara na mstatili vinavyopishana. Ukingo ulichapwa kwa vyuma viwili, kila kimoja nusu ya mzunguko, kwa hiyo katika sarafu halali unategemea kukuta sehemu mbili zinazoelekeana ambapo mapambo yamepandiana kidogo, duara juu ya mstatili, au jani limekatwa. Zungusha taratibu chini ya lenzi. Ukikuta mapambo yamepangika safi kuzunguka pande zote bila kugongana popote, au mstari mwembamba wa muungano kama kitu kilichomiminwa kwenye kalibu, mrudishie mwenyewe. Bandia za kuuziwa siku hizi zina kosa jingine la kipuuzi: jina la mfalme haliendani na mwaka, au herufi za wapimaji ni za miaka kumi baadaye. Aliyezitengeneza hakusoma.

Zipo bandia za zamani, za karne ya 18 na 19, shaba iliyopakwa fedha, nazo zina wakusanyaji wake na wanalipa vizuri. Usizitupe, ila usizinunue kwa bei ya halali.

Vimuhuri vya ziada, kile kichwa kidogo cha George III ambacho Benki ya Uingereza iligonga mwaka 1797 kwenye reale za Hispania, ningekushauri ukae mbali mpaka uwe na mtu wa kukuangalizia. Ni rahisi mno kuchukua sarafu halali ya bei ndogo na kuigonga kimuhuri cha uongo. Lakini vialama vya wafanyabiashara wa China, zile herufi ndogo zilizogongwa kuthibitisha fedha ni safi, havinisumbui hata kidogo. Wengi wanaviona ni uharibifu na bei inashuka, kumbe aina ya mpito ya 1790 yenye vialama vya China bado ni aina ya mpito ya 1790. Nusu ya mkusanyo wangu ni hizo.

Kuhusu ile ya babu yako, usiisugue. Si kwa ndimu, si kwa dawa ya meno, si kwa majivu. Weusi ule ni sehemu ya bei, na sarafu iliyosuguliwa wanunuzi wanaijua kwa picha tu. Ninaloomba ni picha nne: vitaji viwili kwa karibu, herufi zilizo kushoto mwa ngao, tarakimu za mwaka, na ukingo katika sehemu mbili zinazoelekeana. Weka na uzito wake mpaka desimali mbili. Ukiona kushoto kuna taji lenye mpasuko andika tu "lina mpasuko", nitakuelewa, kisha tutaanza kuongelea bei.