Mnaoanza kufunga SSD huku Mtwara, fungueni mashine kabla hamjaagiza

Wadogo zangu mnaoanza hii kazi, wa VETA na nyie mnaojifunzia mtandaoni, wengi naona mnaanzia pasipo. Mteja kaja kasema laptopu inaganda, hata hujaishika vizuri ushamwambia "tuweke SSD", yaani ile diski ya chipu ya kasi badala ya hadi diski inayozunguka, unampigia jamaa wa Kariakoo, mzigo unapanda basi, ukifika unafungua mashine unakuta haikai. Dar ukikosea unarudi dukani mchana huohuo unabadilisha, huku kwetu ukikosea ni hela ya mzigo kwenda na kurudi na mteja anapita kila siku kuuliza. Na hapo barabara iwe nzima, mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyoharibu barabara ya Dar pale Somanga, magari yalilala huko.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza: washa mashine, angalia kwenye Task Manager kama kweli diski ndo inakaa kwenye asilimia 100 muda wote, maana nyingine shida yake ni RAM ya GB 4 na mtu kafungua vitu ishirini. Kisha izime, chomoa chaji, toa betri, na kama betri iko ndani chomoa waya wake kwenye mazabodi, ndo uchungulie.

Utakuta mambo mawili. Kuna ile SSD ya inchi 2.5 ya SATA (aina ya zamani ya muunganisho wa diski), inakaa palepale ilipokuwa hadi diski ya zamani, hii haina maneno mengi, ila ina unene wa milimita 7 na hadi diski nyingi za laptopu zina 9.5, kwa hiyo kama inacheza weka kile kifremu cha plastiki isije ikaning'inia kwenye soketi. Halafu kuna M.2, kile kijibao kama cha RAM, na hapa ndo hela za watu zinapotelea. M.2 ni umbo tu, ndani inaweza kuwa SATA au NVMe (ile ya kasi inayopita njia ya PCIe), na slotu nyingine inakubali moja tu kati ya hizo. Ukiona meno ya dhahabu yana mapengo mawili mara nyingi ni SATA, pengo moja mara nyingi ni NVMe, ila nasema mara nyingi, usiape kwa mapengo, chukua modeli kamili ya mashine na usome karatasi zake za kiwandani. Na urefu upime, 2280 maana yake upana milimita 22 urefu 80, kuna laptopu nafasi yake ni ya 2242 tu. Kingine, kale kaslotu kafupi kenye waya mbili nyembamba, moja nyeusi moja nyeupe, hako ni ka WiFi, jamani hako siyo ka diski.

Mashine za zamani sana hata ukiibia NVMe kwa adapta, BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha mashine) haiwezi kuwashia Windows humo. Zipe SATA. Tofauti kwenye karatasi ni kubwa, SATA inaishia kama MB 550 kwa sekunde wakati NVMe ya PCIe 3.0 inafika 3500, lakini mtu wa Word na Excel aliyetoka kwenye hadi diski ya MB 100 hataiona hiyo tofauti, ataona tu kwamba mashine inawaka haraka. Usimuuzie mwalimu wa Newala kitu cha mtu wa kuediti video.

Kufunga kwenyewe ni dakika chache. M.2 unaiingiza kwa mlalo, inasimama imeinuka kidogo, unaibonyeza chini, unafunga skrubu moja, ukikaza kwa nguvu za kufungia tairi umeua mazabodi. Gusa chuma kwanza kutoa umeme wa mwilini.

Data sasa. Kama hadi diski inagonga au CrystalDiskInfo, ile programu ya kupima afya ya diski, inaonyesha Caution, usikloni (usinakili diski nzima kwenda mpya), nyofoa mafaili ya mteja kwanza uyaweke pembeni, kwa sababu kukloni kunaisomesha diski nzima toka mwanzo mpaka mwisho na mgonjwa anaweza kukufia katikati. Diski ikiwa nzima, kloni ukiwa na umeme wa uhakika, laptopu iwe na betri yenye chaji na deskitopu iwe kwenye UPS, umeme wetu mnaujua. Ukimaliza chomoa ya zamani kabla hujawasha mara ya kwanza, zikiwa mbili zinazofanana Windows inachanganyikiwa. Na ya zamani usiifomati leo, mwachie mteja atumie mashine wiki mbili kwanza.

BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, nayo iangalieni kabla ya kugusa chochote kwenye BIOS. Laptopu nyingi za Windows 11 zimejifunga zenyewe, mwenyewe hajui, ukibadilisha kitu inadai funguo ya tarakimu 48. Muombe mteja aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft aitoe mapema, mkiwa mmekaa wote hapo.

Unapiga Windows upya halafu haioni diski? Kwenye Intel za kizazi cha 11 kwenda mbele mara nyingi ni VMD, kile kipengele cha Intel kinachosimamia diski za NVMe, weka draiva ya Intel RST kwenye flashi uipakie palepale. Kuizima VMD kwenye BIOS kunasaidia pia, ila siyo kwenye mashine yenye Windows inayofanya kazi, haitawaka. Diski igawe kwa mfumo wa GPT, na BIOS iwashe kwa UEFI, ule mfumo mpya wa kuwashia.

Wateja watakuja kulalamika wameibiwa, "nimenunua 500 inaonyesha 465". Hajaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Anayeibiwa ni yule wa terabaiti 2 kwa bei ya kutupa, hiyo ijaze yote na H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli, kabla hujalipa.

Wengine wataogopa kwamba SSD inakufa haraka. Samsung 870 EVO ya GB 500 imeandikiwa TB 300 za kuandikwa, kwa GB 20 kila siku hiyo ni miaka kama 41, kutu ya chumvi itaitangulia. Nyumba za Shangani na Mikindani zinazotazama bahari, fungueni mashine mara mojamoja mfute meno ya dhahabu ya diski kwa spiriti.

La kumwambia mteja bila kumung'unya ni hili: kwenye SSD akifuta picha, TRIM (amri ya Windows inayoiambia SSD isafishe nafasi ya vilivyofutwa) inasafisha, zile programu za kurudisha mafaili zilizokuwa zinatuokoa kwenye hadi diski hapa mara nyingi hazitoi kitu. Kwa hiyo ile hadi diski ya zamani kama bado nzima itie kwenye kasha la USB umuuzie hilo kasha, diski yake iwe ya bakapu, msimu wa korosho ukianza wanakuwa na hela na hawabishani sana.