Pankeki za unga wa oti: unga unywe kwanza, beking poda iwe ya mwisho

Malalamiko kuhusu pankeki za oti huwa ni yale yale. Nje zimeshika rangi, ndani zinanata. Zinakatika wakati wa kugeuza. Zinakuwa nzito, ukimaliza moja hutamani ya pili. Lawama huangukia unga, na unga hauna kosa. Kosa ni kuutendea kama unga wa ngano: kuchanganya na kumimina papo hapo. Oti haina glutini, ile inayovutika kwenye ngano na kushikilia viputo vya hewa, halafu hunywa maji polepole. Ukiyaweka hayo mawili kichwani, karibu kila hatua hapa chini ina sababu yake.

Tuanze na unga. Si lazima ununue uliosagwa. Oti bapa za kawaida, zile za kupikia uji, zinasagika vizuri kwenye blenda. Za kuiva haraka zinafaa pia, mradi pakiti isiwe na sukari wala ladha zilizoongezwa. Oti za punje zilizokatwakatwa ziache kwa kazi nyingine: ni ngumu, blenda ya nyumbani huzibakiza chenga, na chenga hizo haziivi kwa dakika chache za kikaangoni. Jagi la blenda liwe kavu kabisa, kwa sababu matone machache ya maji chini ya visu yanatosha kugandamanisha unga. Jaza nusu tu, saga sekunde 30, zima, kwangua pembeni na chini, saga tena sekunde 30. Kisha chukua unga kidogo uusugue kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ukisikia mchanga, rudisha kwenye blenda. Ukisikia ulaini wenye vipande vidogo vya ganda hapa na pale, umefika.

Pima baada ya kusaga, si kabla. Kikombe cha oti bapa hakitoi kikombe kamili cha unga. Na kikombe chenyewe kinadanganya: ukichota kwa kushindilia unaweza kupata gramu 120, ukijaza taratibu kwa kijiko ukapata 90. Tofauti hiyo inatosha kugeuza rojo zuri kuwa zito mno. Kama kuna kifaa kimoja ninachokisisitiza hapa, ni mizani ya jikoni.

Vipimo ni hivi, kwa pankeki 7 au 8 zenye upana wa sentimita 10 hivi: unga wa oti gramu 150, mayai 2, maziwa mililita 180, mafuta ya kupikia kijiko kikubwa 1, sukari kijiko kikubwa 1, chumvi robo kijiko cha chai, na beking poda vijiko 2 vya chai vilivyosawazishwa juu kwa kisu. Vanila au mdalasini ni hiari yako. Sukari usiizidishe kwa kudhani unaboresha ladha. Inaunguza sehemu ya chini kabla katikati haijaiva. Anayependa utamu aongeze juu ya pankeki zikiwa sahani.

Kabla ya kuchanganya, toa kijiko kikubwa kimoja cha huo unga, kichanganye na beking poda kwenye kikombe kikavu, uweke kando. Sasa piga mayai na maziwa, mafuta, sukari na chumvi hadi usione tena ute wa yai ukining'inia kwenye uma. Ukitumia siagi iliyoyeyushwa badala ya mafuta, maziwa yasitoke moja kwa moja kwenye friji, la sivyo siagi itaganda vipande vipande. Mimina unga uliobaki, koroga, halafu acha bakuli litulie dakika 10 hadi 15.

Hapo ndipo pankeki hizi hufaulu au hufeli. Rojo ukilitazama mwanzoni ni jepesi mno, linatiririka kama maziwa, na mkono unakuwasha kuongeza unga. Usiongeze. Oti ina nyuzinyuzi zinazoyeyuka ziitwazo beta-glukani. Zikishika maji huvimba na kutengeneza ute mzito. Ute huo ndio unaosaidiana na yai kushikamanisha pankeki, na kazi hiyo inahitaji muda. Ukikaanga mapema, chembe za unga bado ni kavu katikati na maji yamezizunguka nje, kwa hiyo unapata pankeki yenye unyevu na chengachenga kwa wakati mmoja. Ukiongeza unga mapema, baada ya dakika 15 utakuwa na kitu cha kukata kwa kisu.

Muda ukiisha, nyanyua kijiko juu ya bakuli. Rojo linalofaa halitiririki kama uzi. Linadondoka kwa mafungu mazito, na kila fungu hukaa juu ya mengine sekunde mbili au tatu kabla ya kuzama. Likikataa kudondoka, ongeza maziwa kijiko kikubwa kimoja kimoja. Likiwa bado jepesi, lipe dakika 5 zaidi kabla ya kufikiria unga.

Sasa ndipo beking poda inaingia. Nyunyiza kile kikombe ulichokitenga kupitia kichujio kidogo, ili pasibaki donge lolote. Donge moja la beking poda huacha doa la njano lenye ladha chungu. Sababu ya kuisubirisha ni kwamba inaanza kutoa gesi mara inapogusana na unyevu. Zipo zinazobakiza sehemu ya nguvu kwa ajili ya joto la kikaango, lakini hata hizo hupoteza nyingine bakulini, na rojo la oti halina glutini ya kuizuia isitoroke. Koroga mizunguko michache tu, hadi weupe wa poda upotee. Hofu ya kukoroga sana ni ya unga wa ngano, unaokuwa mgumu. Hapa unachokilinda ni ile gesi.

Kikaango kiwe kisichoshika, au cha chuma kilichokwisha kuzoea mafuta. Kipashe moto dakika 3 kwenye moto mdogo kuelekea wa wastani. Dondosha tone la maji: likitulia na kutokota taratibu, bado, likirukaruka na kukauka mara moja, anza. Paka mafuta kwa karatasi ya jikoni, ubaki mng'ao tu, kwa maana mafuta yakituama pankeki itakaangika pembeni na kuwa na mabaka. Mimina robo kikombe, yaani mililita 60. Usifanye kubwa zaidi. Pankeki ya ngano ya upana wa sahani inageuzika, ya oti hiyohiyo itavunjika mkononi.

Kuhusu kugeuza, viputo visikutawale. Rojo hili ni zito, hivyo viputo hutokea vichache na kwa kuchelewa, na anayesubiri uso wote utoboke ataunguza. Tazama ukingo: ule mng'ao wa unyevu unapotea, unakuwa mkavu na usio na ng'aro kwa upana wa kidole hivi kuelekea ndani. Ingiza mwiko bapa chini ya ukingo. Ukipita bila kukwama na chini pakiwa na rangi ya dhahabu, ingiza mwiko wote hadi katikati, kisha geuza kwa mkono wa haraka na wa chini. Upande wa kwanza huchukua dakika 2 hadi 3, wa pili dakika 1 na nusu hadi 2. Usiikandamize kwa mwiko. Unatoa hewa yote uliyoihangaikia.

Ya kwanza itumie kupimia moto. Ipasue katikati. Nje kukiwa kahawia iliyokolea na ndani kunanata, moto ni mkali, upunguze. Kuongeza unga hakutasaidia. Ikiwa imepauka na imekauka kama mkate wa jana, moto ni mdogo na imekaa muda mrefu. Ikiwa imeiva ila bapa, kagua beking poda yako: tia nusu kijiko cha chai kwenye maji ya moto, isipotoa povu kwa nguvu, nunua nyingine. Ladha ya sabuni ni beking poda au magadi soda iliyozidi. Na kama zinanata siku zote hata moto ukiwa sawa, punguza maziwa kwa mililita 20 au 30. Jambo jingine: rojo huendelea kuwa zito wakati unakaanga, kwa hiyo pankeki za mwisho huhitaji kijiko kimoja cha maziwa ili zifanane na za mwanzo.

Ukitaka kutia ndizi, ponda moja mbivu ya wastani, ondoa sukari na upunguze maziwa hadi mililita 120. Ndizi ni maji na sukari, ndiyo maana pankeki zake huungua haraka, shusha moto. Ukitumia maziwa ya mtindi, weka magadi soda nusu kijiko cha chai na beking poda kijiko kimoja tu, na utarajie kuongeza maziwa ya kawaida kidogo kwa sababu mtindi ni mzito. Kuondoa mayai kunawezekana: kwa kila yai, loweka kijiko kikubwa cha mbegu za kitani zilizosagwa katika vijiko vikubwa 3 vya maji kwa dakika 10. Lakini pankeki hizo ni laini zaidi, zifanye ndogo za sentimita 7.

Kwa anayepikia mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ule ambao glutini huudhuru utumbo, hapa si pa kubahatisha. Oti kwa asili haina glutini ya ngano, ila mara nyingi huchanganyika nayo shambani, kwenye magari na viwandani. Chukua tu iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa haina glutini, na mgonjwa azungumze na daktari wake kwanza, kwa kuwa wapo wachache ambao hata oti safi huwadhuru.

Unga uliosagwa usiurundike. Oti ina mafuta mengi kuliko ngano, na ukishasagwa huanza kuchacha. Ukinusa harufu kama ya rangi ya kupaka mbao au ladha chungu mwishoni mwa ulimi, tupa. Saga wa wiki mbili tatu, uweke kwenye chombo kinachofunga vizuri, au kwenye friza ukitaka ukae zaidi. Pankeki zenyewe zipoze kwenye wavu wa waya, si kwenye sahani zikiwa zimepangana, maana mvuke huzilowesha. Kwenye friji hukaa siku 3. Kwenye friza, tenganisha kila moja kwa karatasi ya kuokea, na siku ya kula zirudishe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, umefunika, dakika 2 kila upande.