Majani ya mubirizi kwa kidonda, inaponyesha kweli?

SWALI: Dokta aksanti, minakusomaka kila mara. Mudogo wangu alijikata mguu na jembe, koko akaponda majani ya mubirizi akamufunga nayo, kisha siku kumi kidonda kikafunga. Mimi ninasoma biolojia, nikamwambia koko hakuna ushahidi, akakasirika. Batu ya labo banajuaka namna gani kama majani inaponyesha? Naweza kujaribu hapa nyumbani?
Mwanafunzi, Kadutu

JIBU: Mwanangu, kwanza uende umuombe koko samahani. Yeye aliona kidonda kinafunga, hakudanganya. Lakini kidonda kidogo cha mutu mwenye afya kinafunga hata bila dawa, kwa hiyo hizo siku kumi haziwezi kutuambia ni mubirizi njo iliponyesha ao ni ngozi yenyewe.

Njo maana kwa labo banalinganisha. Banakamata panya, bananyoa mugongo, banamupa dawa ya usingizi na banatoa kipande cha ngozi cha kipimo kimoja kwa wote, kisha bamoja banapakwa mafuta yenye dawa ya majani, bengine mafuta matupu, bengine dawa ya farmasi yenye inajulikana, na kila siku chache banaweka plastiki yenye kuonyesha juu ya kidonda, banachora ukingo, banapima namna kinapungua. Kama kundi la mafuta matupu linapona mbio sawasawa na la majani, basi majani haikusaidia. Kuko pia kujaribu kwa sahani yenye mikrobu, lakini hapo uangalie sana, juu hata javeli inaua mikrobu na hakuna mutu anaipendea kidonda. Tena ngozi ya panya inafunga zaidi kwa kuvutana, yetu inafunga zaidi kwa kuota mupya, kwa hiyo panya akipona haimaanishi mudogo wako naye atapona vile.

Mbele ya yote hayo, jina la muti. Mubirizi tunasema hapa, kwa vitabu ni Vernonia amygdalina, lakini kijiji kingine kinaweza kuita vile muti mwengine kabisa, kwa hiyo uchune tawi lenye maua, ulikaushe ndani ya gazeti, ulipeleke Lwiro kule njia ya Katana, kile kituo cha utafiti cha tangu 1947, kuko batu ya kutambua mimea.

Kujaribu nyumbani kwa kidonda cha mutu, hapana, nakuomba. Majani mabichi inaweza kubeba udongo, na ndani ya udongo munakaa mikrobu ya tetanosi (pepopunda), ugonjwa wa kukaza misuli, ambao mara mingi unaonekana kati ya siku 3 na 21 kisha mutu kujikata, hata kama kidonda kimeshafunga. Sasa jembe nalo lilitoka shamba! Mudogo wako alipata chanjo lini? Kama imepita miaka 5 ao hamujui, mumupeleke santre leo, musingoje kesho, na taya ikianza kukaza ao shingo, mukimbie hospitali hata kama ni usiku.