Premio au Allion? Soma kwanza namba ya chesisi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu hapa Morogoro, natafuta gari langu la kwanza na nimepata mawili ya mkononi. Moja ni Toyota Premio ya 2008, CC 1800, namba D, linauzwa milioni 19. La pili ni Toyota Allion ya 2009, CC 1500, nalo ni namba D, milioni 16 na nusu. Premio ikiwashwa asubuhi inagonga kwa sekunde mbili hivi, kisha mlio unapotea. Allion haina mlio, ila inatetemeka kidogo inapoanza kuondoka. Kazini kwangu ni kilomita nane, na mara tatu kwa mwaka tunakwenda nyumbani Iringa, watu watano na mizigo. Wenzangu ofisini wanasema Premio ni gari la heshima, Allion ni la teksi. Nichukue lipi?

JIBU: Salama, mwalimu. Hilo la heshima tulimalize haraka. Premio ni mtoto wa Corona, na Allion ni mtoto wa Carina, ile ile ambayo wengi wetu tulijifunzia udereva. Kule Japani Toyota walikuwa na mitandao tofauti ya maduka. Duka la Toyopet liliuza Premio, duka la Toyota lenyewe likauza Allion, na kila duka lilitaka gari lake la kumwonyesha mteja. Kwa hiyo kiwanda kilitengeneza gari moja na kulivisha sura mbili. Umbo hili unalolitazama lilitoka 2007 na kudumu mpaka 2021. Injini, gia boksi, bushi, shokapu na breki ni vile vile kwa gari lenye injini ya aina moja. Kinachotofautiana ni sho (grili ya mbele), taa, bampa, buti na urembo wa ndani. Siku ukivunja taa ya Premio, usikubali kuuziwa ya Allion, haitakaa.

Unachopaswa kulinganisha ni injini, kisha hali ya kila gari. Fungua boneti, tazama bati dogo lenye namba ya chesisi, kwenye ukuta unaotenganisha injini na sehemu ya abiria. Allion yako lazima ianze na NZT260, maana yake ina injini ya 1NZ-FE. Premio ianze na ZRT260, yaani injini ya familia ya ZR, na kwa 2008 ni 2ZR-FE. Ukiona ZRT261, hiyo ni CC 2000, na muuzaji amekudanganya au hajui anachouza. Herufi na tarakimu zote zilingane na za kwenye kadi ya gari. Na kumbuka namba D inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini.

Umepata bahati kidogo kwamba Premio ni ya 2008. Kuanzia 2010, CC 1800 ya magari haya iliwekewa mfumo wa Valvematic, ambao hutumia mota ndogo kubadilisha kimo cha kufunguka kwa valvu. Ni mfumo mzuri ukiwa mzima. Mota ile na kompyuta yake vikifa, bei yake inauma. Yako haina hiyo.

Sasa huo mlio wa asubuhi. Kwenye 2ZR, kugonga kwa sekunde moja au mbili gari likiwa limelala usiku kucha mara nyingi hutoka kwenye gia ya VVT (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka), ile inayokaa mbele ya kamshafti, shafti inayosukuma valvu. Ndani yake kuna pini inayotakiwa kuifunga mpaka oili ifike. Pini ikichoka, gia inacheza, inagonga, oili ikifika inatulia. Muulize muuzaji anaweka oili gani. Akikujibu 20W-50, umeshapata nusu ya jibu: oili nzito hivyo huchelewa kupanda asubuhi. Injini hii inataka 5W-30 au nyepesi zaidi, lita 4 na kidogo pamoja na filta. Kubadilisha gia ya VVT ni kazi ya siku moja kwa fundi anayejua kuweka alama za cheni ya injini. Kama mlio unazidi sekunde tano, au unarudi injini ikiwa ya moto, hapo tunazungumzia cheni au oili iliyopungua, na mimi ningeondoka.

Vuta pia kijiti cha oili. Ukikuta iko chini ya alama ya chini na muuzaji anasema alibadilisha mwezi uliopita, gari linakula oili. Liache lingurume taratibu dakika kumi, kisha mtu akanyage mafuta huku wewe umesimama nyuma. Moshi wa bluu hauhitaji fundi kukutafsiria.

Mtetemo wa Allion ndio unaoninyima usingizi zaidi. Magari haya yote mawili yana gia boksi ya CVT. Ndani hamna gia za kubadilika moja, mbili, tatu. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma, na puli zikitanuka na kubana ndipo uwiano unabadilika. Ikianza kuchoka, dalili ya kwanza huwa ni hiyo uliyoitaja, kutetemeka gari linapoondoka, hasa likiwa limepata moto. Lakini koili mbovu (inayozipa plagi umeme), plagi zilizoisha, throto chafu (mlango wa hewa ya injini) au mauntini ya injini iliyopasuka (mpira unaoishikilia injini) huleta mtetemo unaofanana kabisa.

Namna ya kutofautisha ni hii. Endesha dakika ishirini gari lipate moto. Simama mahali tambarare, weka N, kanyaga mafuta taratibu mpaka injini ifike mizunguko 2,000. Likitetemeka hapo, gia boksi haijahusika bado, tafuta kwenye injini. Kisha weka D huku umekanyaga breki. Likitetemeka limesimama na likatulia ukirudisha N, shuku mauntini. Mwisho ondoka pole pole kutoka sifuri hadi kilomita 20 kwa saa, mara tano mfululizo, halafu urudi rivasi kwenye kilima kidogo. Kama mtetemo upo hapo tu na N ni shwari, shuku CVT. Ili kuthibitisha, mwambie fundi achomeke mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Kodi P0301 hadi P0304 zinataja silinda inayokosa kuchoma, na tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda. Hiyo ni habari njema, maana koili moja haifilisi mtu. P0741 ni ya upande wa tokonvata, kiungo cha kati ya injini na gia boksi, na hiyo si njema.

Ulizia pia haidroliki iliyomo, yaani mafuta ya gia boksi. Mwaka juzi nililetewa Premio ya mama mmoja iliyokuwa imejazwa haidroliki ya kawaida ya otomatiki. Fundi wa kwanza alimwambia haidroliki ni haidroliki. CVT inataka ya kwake, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, kwa sababu mkanda ule hushikwa na msuguano ambao haidroliki nyingine haiwezi kuutunza. Tulimwaga mara tatu, maana kumwaga mara moja hakutoi yote, nyingi hubaki kwenye tokonvata. Mtetemo ulipungua, haukuisha. Baada ya miezi minne gari lilikuwa linanguruma bila kwenda, akanunua gia boksi iliyotumika.

Kuhusu Iringa, najua unafikiria mlima Kitonga. 1NZ inatoa nguvu za farasi 110, 2ZR inatoa 136, na gari lina uzito wa karibu kilo 1,200 kabla hamjaingia watu watano na gunia. Premio itapanda bila maneno. Allion itapanda pia, ila injini itapiga kelele mizunguko ikiwa juu muda wote. Ndiyo tabia ya CVT, haiharibu kitu. Kupita lori kwenye kona zile ndiko usikokuthubutu na 1.5, na kwa kweli hata na 1.8 usithubutu. Mafuta je? Mjini nimezoea kuona 1.5 ikitoa kilomita 11 hadi 13 kwa lita, 1.8 kati ya 9 na 11.

Kwa hiyo, kwa mtu ambaye kazini kwake ni kilomita nane, mimi ningechukua Allion, nikabaki na milioni mbili na nusu za matairi, haidroliki sahihi na shokapu. Sharti ni moja: mtetemo uthibitike kuwa wa koili, plagi, throto au mauntini. Ikiwa ni CVT, iache hata akishusha mpaka milioni 15, kwa sababu gia boksi na ufundi wake vinaweza kumeza tofauti yote. Hapo rudi kwenye Premio, tumia ule mlio wa asubuhi kumshusha bei, na nenda kuiwasha wewe mwenyewe saa kumi na mbili. Ukimkuta ameshaipasha moto, rudi kesho yake.

Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee sana. Tazama mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani. Gari la kilomita 80,000 halina pedali iliyolika mpaka chuma.

Na lolote utakalochukua, siku mnarudi kutoka Iringa teremsheni Kitonga mkiwa kwenye S au B, au gia ya chini kama gari lina za kuchagua kwa mkono, msining'inie breki. Walioning'inia utawakuta wamepaki chini kabla ya Ruaha Mbuyuni, magurudumu yakifuka moshi.