Uliza Fundi: Nondo juu ya paa inaita radi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nyumba ya jirani ilipigwa na radi, watu walisalimika ila tivii, friji na ruta vyote viliungua. Nataka kuweka kinga radi kwangu lakini nimechanganywa, mmoja ananiambia itaita radi, mwingine anasema nyumba ya mabati haihitaji kitu, mwingine tena anasema nisimamishe tu nondo juu ya paa inatosha. Nani mkweli?

JIBU: Nzuri ndugu, mpe pole jirani. Wote watatu wamekosea na huyo wa mwisho ndo hatari zaidi.

Kinga radi haiiti radi kutoka mbali wala haiizuii isipige. Kazi yake ni kuipokea ikija na kuipa njia rahisi ya kwenda ardhini, isipite kwenye kenchi, nyaya za ndani na watu. Benjamin Franklin alilieleza hili miaka ya 1750 na msingi wake ndo huohuo mpaka leo, ncha juu, waya mnene wa kushukia, na ethi chini, yaani nondo zilizochimbiwa ardhini za kumwaga umeme. Ukisimamisha nondo peke yake umekaribisha mgeni kwenye nyumba isiyo na mlango wa kutokea.

Kwahiyo hela nyingi iende chini, sio juu. Waya wa kushukia uwe wa shaba, milimita za mraba 50 hivi, usiwe na kona kali maana radi huruka kwenye kona, na ni bora ishuke kwa njia mbili kuliko moja. Ukinzani wa ethi, yaani kiasi inavyouzuia umeme kupita, unatakiwa usizidi om 10, udongo ukiwa mkavu au wa mawe utachimbia nondo kadhaa zilizoachana, na upimaji ufanyike kiangazi, mvua ikinyesha kila ethi inaonekana nzuri.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu. Wanatenganisha ethi ya radi na ethi ya umeme wa nyumba eti wasichanganye, kumbe radi ya kawaida ina ampea kama 30,000, zidisha kwa hizo om 10 unapata volti 300,000, zikitokea upande mmoja tu zitarukia upande wa pili na njia yake ni friji lako. Ziunganishwe, pamoja na mabomba ya chuma na nguzo ya antena, ili volti ya vyote ipande na kushuka kwa pamoja.

Mabati hayaiti radi, ila yamekaa juu ya mbao, umeme ukifika pale hauna pa kwenda, nayo yaungwe kwenye ethi. Paa la nyasi ni habari nyingine, hapo simamisha mlingoti pembeni, usigusane na nyumba.

Kuhusu vifaa vya jirani, inawezekana kabisa vimeunguzwa na umeme ulioingia kwa waya wa nguzo au wa intaneti, radi ikipiga hata mbali kidogo hilo hutokea na kinga ya paani haisaidii. Unahitaji seji protekta, kifaa cha kuelekeza ardhini umeme unaopanda ghafla, kwenye bodi ya swichi kuu. Halafu chomoa plagi kabla mvua haijafika, kuzima swichi tu haitoshi, ule mwanya wa ndani ya swichi radi inauruka bila shida.

Fundi akija muulize kama ana mita ya kupima ethi. Akikwambia yeye anaona kwa macho, mshukuru umtafute mwingine.

SWALI: Ni kweli simu ikiwa imewashwa inavuta radi?

JIBU: Hapana, ila usiishike ikiwa kwenye chaji. Hesabu sekunde toka mwanga mpaka ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja, zikiwa chini ya 30 ingia ndani, usioge, kaa mbali na mabomba, na utoke dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Chini ya mti usikae kabisa.